Rangi ya flai inapotelea wapi kati ya jiliwa na picha?

Jiliwa (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafunga flai hapa Jinja. Kwa asiyejua, flai ni nzi bandia wa kuvulia samaki. Ndoano unaibana kwenye jiliwa, unaivisha uzi, manyoya ya jogoo au ya kanga, nywele za mbuzi, pengine na shanga ya shaba kichwani, mpaka ifanane na mdudu au kisamaki. Majirani zetu wa Kenya wamezifunga kwa miongo mingi na kuziuza Ulaya na Marekani. Mimi nina meza moja na wateja wachache wanaoniamini kupitia picha. Mteja hashiki kazi yangu mpaka ameshalipa na mzigo umesafiri. Kwake yeye picha ndiyo flai.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Mteja wa nje aliniagiza dazeni sita, rangi ya damu ya mzee. Nikamaliza usiku, nikazipiga picha pale pale mezani chini ya balbu, nikatuma. Akajibu kwamba hizo ni kahawia. Asubuhi nikazitoa barazani nikazitazama: damu ya mzee isiyo na shaka. Nikapiga tena pale barazani, picha ikaja na zambarau. Oda ikavunjika. Simlaumu mteja, maana aliona kahawia, kisha akaona zambarau, halafu mimi namwambia aamini kwamba ni nyekundu iliyokolea. Iliniuma kwa sababu rangi ile niliitafuta siku tatu kwenye sufuria, nachovya nakausha, nachovya nakausha.

Tangu siku hiyo nimelichimba jambo hili. Naweka hapa nilichokiona, mnisahihishe.

Mwanga una rangi yake, na unapimwa kwa kelvini. Balbu ya njano ya nyumbani iko kati ya 2700 na 3000. Jua la mchana ni kama 5500. Kivulini, ambako kinachomulika ni anga ya bluu peke yake, inapanda 7000 na kupita. Macho hayakuambii haya. Ukishika karatasi usiku chini ya balbu unaiona nyeupe pe, kwa sababu akili imeshaisahihisha kabla hujauliza. Kamera nayo hujaribu kusahihisha, ila inakisia. Inatazama kilichojaa kwenye picha na kuamua nyeupe ingekuwa ipi. Ukiijaza flai nyekundu tupu, au ukitandika kitambaa cha kijani nyuma, inakisia vibaya. Balbu yangu ilimwaga njano juu ya nyekundu iliyokolea, ikawa kahawia. Baraza langu liko kivulini, anga ikamwaga bluu, ikawa zambarau. Mara zote mbili kamera iliandika mwanga nilioipa.

Halafu kuna mwanga wa kuruka, na huu ndio ulinichukua muda mrefu kuugundua. Uwanja wetu ni udongo mwekundu, kama mnavyoijua Uganda. Jua likifika utosini, mwanga unapiga chini na kurudi juu ukiwa mwekundu, unapaka tumbo la flai huku mgongo ukibaki sawa. Hapo hakuna kusahihisha, kwa sababu ukiondoa wekundu wa tumbo unauharibu mgongo. Nikahamia karibu na migomba, kijani kikaingia. Nikarudi barazani, turubai la bluu la jirani likaingia. Mpaka shati langu la njano nikaliona ndani ya shanga ya shaba. Siku hizi nikipiga picha navaa shati la kijivu, na chini natandika boksi lililofunikwa karatasi ya kijivu.

Mahali nilipopakubali ni ndani ya mlango unaotazama magharibi, saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa nyuma ya nyumba. Taa zote nazima. Taa ikiwaka pamoja na mwanga wa mlangoni, upande mmoja wa flai unakuwa wa njano na wa pili wa bluu, na hakuna programu itakayokuokoa.

Mwisho ni alama. Pembeni ya flai, kwenye mwanga ule ule, naweka kitu ambacho hakina rangi kabisa, ili baadaye niiambie programu kwamba hapa ndipo pasipo na rangi. Wengi hutumia karatasi nyeupe ya kuchapia. Msitumie. Karatasi hizo zimewekewa dawa ya kung'arisha inayokunywa miali ya urujuani isiyoonekana na kuitoa kama bluu, ndiyo maana zinaonekana nyeupe kuliko nyeupe. Programu ikiambiwa hiyo ndiyo nyeupe, inaondoa bluu ambayo haikuwa kwenye mwanga, na picha nzima inaingia njano. Shuka na mashati yaliyofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha yana tatizo hilo hilo.

Mimi natumia utepe mweupe wa mafundi bomba, ule wanaouzungusha kwenye meno ya bomba ili maji yasivuje. Ni plastiki ya PTFE, jamii moja na ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Hata maabara za kupima rangi hutumia PTFE kama kipimo chao cha weupe, kwa sababu inarudisha mwanga wa kila rangi karibu sawasawa. Zungusha kwenye kipande cha boksi mpaka usione tena kilicho chini, mizunguko kumi au zaidi, kisha uhifadhi kwenye bahasha usishike vumbi. Unapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Nawasikiliza.

Cherehani

Kaka Jiliwa, pole kwa oda. Mimi ni mshonaji, nashona gomesi na nguo za harusi, na jambo hili nalijua kwa upande wa kitambaa.

Mteja akiniletea hariri, naenda nayo dukani kutafuta uzi. Chini ya zile taa ndefu za dukani napata uzi unaofanana kabisa, nalipa. Nikifika nje, kitambaa kimekwenda upande wake na uzi umekwenda upande wake. Siku hizi siulizi bei kabla sijatoka na kitambaa na kidonge cha uzi mpaka barabarani. Wenye maduka wameshanizoea.

Swali langu ni hili. Umesema mwanga una rangi, sawa. Lakini kitambaa na uzi vyote viwili vilikuwa chini ya taa moja, kisha vyote viwili vikatoka kwenye jua moja. Kama mwanga ndio umebadilika, si ungebadilisha vyote pamoja? Kwa nini vinaachana?

Lenzi ya Mbale

Dada Cherehani, umegusa kiini cha uzi huu.

Rangi tunayoiona ni mchanganyiko wa mwanga mwingi uliorudi kutoka kwenye kitu, wenye mawimbi marefu, mafupi na ya kati. Jicho halihesabu kila wimbi. Lina vipokezi vya aina tatu tu vya rangi, linajumlisha, linakupa jibu moja. Kwa hiyo vitu viwili vilivyotiwa dawa za rangi tofauti kabisa vinaweza kutoa jumla moja. Ni kama shilingi elfu kumi: mmoja anayo kwa noti moja, mwenzake kwa sarafu. Dukani, taa ile ina mawimbi fulani na mengine haina, jumla zikalingana. Nje, jua lina mawimbi yote, na ile tofauti iliyokuwa imefichwa kwenye dawa ikajitokeza.

Sasa ongeza kamera. Nayo inajumlisha kwa vichujio vitatu, lakini vichujio vyake havilingani na vya jicho lako. Ni jicho la tatu lenye hesabu yake. Kwa hiyo flai ambayo mwili na mkia vinafanana kwako, na nje pia vinafanana, kwenye picha vinaweza kuachana hata kama nyeupe iko sawa kabisa. Zambarau ndiyo inayoteseka zaidi. Maua mengi ya zambarau yanatoka bluu kwenye picha kwa sababu hii.

Dawa yake ipo, ni kadi yenye vipande 24 vya rangi zinazojulikana, iliyoanza mwaka 1976 na inayotumika mpaka leo. Unaipiga picha kwenye mwanga wako, programu inalinganisha kila kipande na inavyotakiwa kiwe, inatengeneza sahihisho la kamera yako kwa mwanga huo. Nauona ni ununuzi mzuri kwa studio. Kwa mtu mwenye meza moja, alama ya Jiliwa inamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Ila Jiliwa, hukusema kitu kuhusu faili ghafi (RAW), yaani picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kuisahihisha yenyewe. Bila faili ghafi unasahihisha picha ambayo kamera imeshaipika na kutupa nusu ya vilivyokuwemo. Mimi naona hilo ndilo la kwanza, kabla ya yote uliyoandika.

Jiliwa

Mkuu Lenzi, nakubali kwamba faili ghafi ni bora, na kompyuta yangu ina Darktable, programu ya kuzifungua na kuzisahihisha ambayo haina malipo. Lakini kuiweka ya kwanza sikubali. Wekundu wa udongo ulioingia tumboni mwa flai, faili ghafi haiutoi. Taa mbili za rangi mbili, haizitenganishi. Nimejaribu JPEG, yaani picha ya kawaida iliyokwisha kupikwa na kamera, ya mlangoni yenye alama, nikajaribu faili ghafi ya mezani usiku. Ya mlangoni ilishinda. Mwanga kwanza.

Dada Cherehani, kwa maneno yako nimeelewa jambo lililonisumbua mwaka mzima. Nywele za mbuzi natia rangi mwenyewe, manyoya ya mkia nanunua yakiwa tayari. Nilikuwa nayaoanisha usiku, chini ya ile ile balbu. Kuanzia leo sufuria inahamia asubuhi, na kila nikichovya naenda mlangoni kutazama. Rangi ikilingana pale, nimepunguza uwezekano wa kuachana kwingine.

Mgeni wa Uzi

Wakuu mimi sina kamera, nina simu ya kawaida. Pia nilisoma kwamba inatakiwa kadi ya kijivu, nikaenda Nasser Road pale Kampala nikachapishiwa kijivu kizuri. Lakini picha zinabadilika. Leo ziko sawa, kesho zina uwaridi.

Jiliwa

Ndugu, mchapaji hakukosea. Mashine ya rangi hutengeneza kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi tatu au nne, na ni yale yale aliyoeleza Lenzi: jumla inakuwa kijivu kwenye mwanga mmoja, kwenye mwanga mwingine inaegemea uwaridi au kijani. Tena iko juu ya karatasi yenye dawa ya kung'arisha. Iache, nenda dukani kachukue utepe wa bomba.

Kwa simu, fanya hivi. Usitumie ile lenzi ndogo ya kupigia vitu vya karibu kama simu yako inayo. Kwenye simu nyingi za bei nafuu ni dhaifu, rangi zake hazifanani hata na lenzi kubwa ya simu hiyo hiyo. Tumia lenzi kuu, rudi nyuma kidogo mpaka ishike vizuri, utakata picha baadaye. Ukirudi nyuma unapata faida nyingine: simu yako na mikono haviweki kivuli juu ya flai.

Zima ile akili ya simu inayotambua ulichopiga. Simu ikiona manyoya ya rangi inaweza kudhani ni ua, ikaongeza ukolezi bila kukuuliza. Zima vichujio vyote vya urembo.

Kisha tafuta sehemu ya kamera inayokuruhusu kuweka mambo kwa mkono. Kama haipo, kuna programu ya Open Camera, ni ya bure kwa Android, nayo inakuruhusu kufunga kipimo cha weupe, yaani ile nyeupe ambayo kamera huikisia, kisibadilike. Kukifunga ndiyo muhimu. Namba hata isipokuwa kamili, ikiwa imefungwa basi picha zote thelathini zitakosea kwa namna moja, na utazisahihisha zote kwa mguso mmoja. Simu ikiachwa ijiamulie, kila flai inapata kosa lake.

Weka flai na alama pamoja, piga ya kwanza. Bila kusogeza kitu, toa alama, piga nyingine. Kwenye Snapseed, programu ya simu ya kurekebisha picha, kuna alama ya kitone kwenye sehemu ya weupe, unakigusisha kwenye utepe wa bomba na picha inajirekebisha. Angalizo: utepe usiwe umeungua kwa mwanga. Ukiwa mweupe mpaka hauna hata kivuli cha mzunguko wake, kipimo kimepotea, punguza mwanga upige tena.

Nyuma ya flai weka kijivu cha kati. Ukiweka nyeupe tupu simu inaogopa mwanga na kuifanya flai iwe ya giza. Ukiweka nyeusi tii inafungua mno, na damu ya mzee inapauka kuwa waridi.

Fundi Taa

Nimefika kwa kuchelewa, naomba niongeze ya taa kwa sababu si kila mtu ana mlango wa magharibi, na wengine tunapata nafasi usiku tu.

Taa za LED za bei nafuu hutengenezwa kwa chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Kwa macho ni nyeupe. Lakini mwanga wake una mlima wa bluu, kisha bonde, kisha njano nyingi, na nyekundu iliyokolea inakuwa kidogo. Ukimulika kitu chekundu, mwanga mwekundu wa kukirudisha haupo, kwa hiyo kinakuwa cha kahawia au kizito. Mkuu Jiliwa, balbu yako kama ilikuwa LED ya njano basi mambo mawili yalikupiga pamoja, rangi ya mwanga na upungufu wake wa nyekundu. Hilo la pili halisahihishwi na alama yoyote, kwa sababu kisichokuwemo kwenye mwanga hakiwezi kuombwa baadaye.

Kwenye boksi la taa tafuta herufi CRI au Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi. Kipimo kinaishia 100. Taa nyingi za nyumbani ziko kwenye 80, kwa kazi hii usishuke chini ya 90, na 95 ndiyo ya kutafuta. Lakini namba hiyo ni wastani wa rangi nane zilizopauka, nyekundu kali haimo. Nyekundu ina kipimo chake, R9. Taa yenye CRI 80 inaweza kuwa na R9 karibu na sifuri. Kampuni inayojali huandika R9, isipoiandika usitarajie mengi.

Taa za sola zile za kuning'iniza msizitumie kabisa kwa picha. Nyingi ni za bluu mno.

Jambo jingine, umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera ikipiga kwa kasi kubwa inakamata taa ikiwa katikati ya kupepesa, picha moja inatoka na mwanga na rangi yake, ya pili na yake. Wekeni kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde, simu ikiwa imeegemezwa isitikisike.

Cherehani

Fundi Taa, asante sana. Nitaangalia boksi la taa yangu ya mezani kesho.

Sangara Mkubwa

Salaam kutoka Murchison, kwenye Mto Nile. Mimi nasindikiza wavuvi kwenye mtumbwi chini ya maporomoko, huku ambako sangara ni mwenyeji tangu asili, kabla hajapelekwa Ziwa Victoria. Wageni wanakuja na flai kubwa ndefu kama kiganja, na inayopendwa sana ni Clouser Minnow, nyeupe chini, juu kijani cha ndimu kinachowaka. Nimejaribu kuipiga picha mara nyingi niwaonyeshe wanaotaka kuja. Mkononi inawaka kama taa. Kwenye picha ni njano iliyokufa. Nimefuata yote hapa, mlango, utepe, kijivu, bado.

Na la pili, flai zenye varnishi na nyuzi za kumetameta zinarudisha mwanga mweupe unaofunika rangi.

Lenzi ya Mbale

Mkuu Sangara, hiyo ya kwanza haiishi kabisa, ila inapungua.

Rangi zile zinawaka kweli. Dawa yake inapokea miali ya urujuani na bluu, inaitoa tena ikiwa kijani au chungwa. Kwa hiyo kwenye eneo la kijani kitu hicho kinatoa mwanga mwingi kuliko ule wa kijani ulioingia, na karatasi nyeupe haiwezi kuifikia. Picha ya kawaida ya mtandaoni, sRGB, haina namba ya rangi kali namna hiyo. Inaikata kwenye ukingo wake. Tena kamera, ambayo huhifadhi rangi kwa mikondo mitatu ya nyekundu, kijani na bluu, inaujaza mkondo mmoja mpaka mwisho, mara nyingi ule wa nyekundu kwa flai za chungwa na waridi, na ule wa kijani kwa hizi zako. Mkondo ukijaa, mingine inaendelea kupanda, uwiano unavunjika, kijani cha ndimu kinakuwa njano.

Piga nje, kukiwa na mawingu, sio chini ya LED, maana LED nyingi hazina ile miali ya urujuani isiyoonekana inayosaidia kuiwasha dawa. Punguza mwanga wa kamera kwa hatua moja nzima, yaani ubaki nusu, hata kama picha inaonekana ya giza. Kama kamera ina histogramu ya rangi tatu, ule mchoro unaoonyesha kiasi cha mwanga wa kila rangi, hakikisha hakuna inayogonga ukuta wa kulia. Nyuma weka kijivu kizito. Mtazamaji akikosa giza la kulinganisha hataona kitu kikiwaka. Halafu mwandikie mteja kwa maneno kwamba rangi hii inawaka. Wauzaji wakubwa wa manyoya nao wanaandika hivyo.

Ya mng'ao, una jibu usoni mwako. Miwani yako ya uvuvi.

Sangara Mkubwa

Miwani ya kuondoa mng'ao wa maji! Nimeijaribu sasa hivi. Nimeweka kioo kimoja mbele ya simu, nikakizungusha polepole, na kwenye pembe fulani ule weupe juu ya varnishi umeondoka, kijani kimejitokeza hadi chini ya manyoya. Nyuzi za chuma hazikubadilika sana.

Lakini kioo changu ni cha hudhurungi, picha yote imekuwa ya hudhurungi.

Jiliwa

Piga na alama pia kupitia kioo hicho hicho, usahihishe kwa hiyo. Kioo cha kijivu kingefaa zaidi. Chuma hakisikii kichujio cha aina hiyo. Shanga na nyuzi za metali zitulize kwa kulainisha mwanga wenyewe: chandarua cheupe kikunje mara mbili, kitande kati ya flai na mlango. Kiwe cheupe. Vyandarua vya bluu vinatia bluu.

Mgeni wa Uzi

Na manyoya ya tausi je? Nimefunga mwili wa nyuzi za tausi. Picha moja ya kijani, nyingine ya shaba, nyingine nyeusi. Hata utepe haujasaidia.

Jiliwa

Kwa tausi usitafute rangi moja, hana rangi moja. Kijani chake hakikutiwa na dawa, kinatokana na maumbo madogo sana ndani ya unyoya yanayorudisha mwanga wa wimbi fulani kulingana na pembe. Robert Hooke wa Uingereza aliyatazama manyoya hayo kwa hadubini na kuandika mwaka 1665 kwamba yakiloweshwa rangi zile zinapotea. Chovya uzi mmoja wa tausi kwenye maji uone mwenyewe rangi inavyobadilika.

Kwa hiyo kwa flai za tausi mimi napiga picha mbili na kuzituma pamoja: moja mwanga ukitoka pembeni juu, ambapo kijani kinaamka, na moja mwanga ukitoka mbele, ambapo shaba inatawala. Ya tatu, kwa mteja anayejua uvuvi, natuma ikiwa imeloweshwa, kwa sababu samaki haioni ikiwa kavu. Nywele za mbuzi zikilowa zinakolea na kushikamana, mwili unakonda, na rangi ya uzi wa chini inajitokeza. Hapo ndipo nilijifunza kuchagua uzi wa chini kwa makini. Nyeusi chini ya damu ya mzee inaua kazi yote ikilowa. Nyekundu au chungwa inaiweka hai.

Cherehani

Kaka, picha zako mpya za asubuhi nimezitazama kwenye simu yangu na ya mwanangu. Kwangu ni damu ya mzee. Kwake ni nyekundu kali kama lipstiki. Sasa nani anaona sawa?

Lenzi ya Mbale

Dada, angalia mipangilio ya kioo cha simu ya mwanao. Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kwenye hali ya kukoleza rangi ili zivutie dukani. Kuna hali nyingine inaitwa ya asilia au ya kawaida, iweke hiyo. Na kama mnatazama usiku, kile kichujio cha kupumzisha macho kinatia njano kwenye kila kitu, kizimwe kwanza.

Jiliwa, kwa upande wako, unapotoa picha hakikisha ni sRGB. Simu za iPhone tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 zinapiga kwa wigo mpana zaidi wa rangi, na ikitokea tovuti inafuta maelezo ya wigo huo, rangi zinapauka. Na WhatsApp ukituma kama picha inaibana na kuipunguza. Itume kama hati, ifike kama ilivyo.

Jiliwa

Nimefanya hivyo, natuma kama hati.

Kioo cha mteja siwezi kukifikia, kwa hiyo nimebuni njia ya kukizunguka. Kila rangi ninayotia nafunga nyuzi kidogo kwenye kipande cha boksi, naipa namba, nakata vipande viwili. Kimoja kinabaki kwangu, kingine natia kwenye bahasha na kumpelekea mteja mara moja tu, mwanzoni. Baadaye kila picha ninayopiga ina kipande changu pembeni ya flai na utepe wa bomba. Akiona kwenye kioo chake kipande namba nne kimekuwa cha zambarau, na mkononi anacho namba nne ni damu ya mzee, anajua kioo kimekosea kiasi gani, na flai anaihukumu kwa kipande.

Cha kwanza nimempelekea yule yule aliyevunja oda. Kilichukua wiki tatu kufika. Juzi akaandika kwamba amekishika dirishani kwake, akaifungua picha pembeni yake, akaona. Ameagiza dazeni mbili kwanza.

Sufuria iko jikoni, nangoja kukuche.

Fundi Taa

Namba nne hiyo, ukimaliza weka picha hapa, na kipande kiwe pembeni.